Mchi Mgongoni kwa Mtani

Kinu cha mama kilikaa uani kwangu miaka sita bila mchi. Nikitaka kutwanga kisamvu nilikwenda kuazima kwa jirani, na jirani yangu, mama mwenye roho nzuri na maswali mengi, kila mara aliniuliza kwa nini nisinunue wangu. Pale soko la Kilosa michi imesimamishwa ukutani mpaka inazuia njia. Nilimjibu kwamba kinu kile kina mchi wake. Akauliza uko wapi. Nikamwambia umesafiri. Akacheka, akidhani ni mzaha, nami nikarudi kwangu na mchi wa kuazima, mrefu kuliko kinu chenyewe kinavyotaka, nikawa natwanga huku nagonga kingo tu.

Haukuwa mzaha. Mchi ule ulikuwa Mikumi, kama haukuwa umeshageuka kuni, kwa mtu niliyemfukuza kwa mdomo wangu mwenyewe.

Mimi ni fundi cherehani. Kazi hii watu wanadhani ni ya nguo, kumbe nusu yake ni ya maneno. Mtu akisimama kupimwa, mikono ameinua, hana pa kuangalia, basi anaongea. Wajawazito ndio wateja wangu wakubwa. Nawashonea magauni mapana, naacha kitambaa cha ziada ndani ya mshono ili gauni liachiwe kidogo kidogo miezi inavyosogea. Sasa nikiwa nimepiga magoti, tepu imezunguka tumbo la mtu, swali linashuka kutoka juu: "Na wewe fundi, unao wangapi?"

Nikisema sina, hewa ya kibanda inabadilika. Mmoja atasema Mungu yupo. Mwingine anajua mganga wa mizizi huko Kimamba, tena dawa yake ni ya kunywa siku tatu tu. Mwingine ataniambia heri yangu mimi ninayelala usingizi, halafu atajishika tumbo kama vile ningeweza kumwibia. Mwalimu mmoja aliniomba radhi mara nne mpaka nikakosea kuandika kiuno chake, na gauni likarudi. Nimeshajaribu kila jibu. Nimejaribu kutabasamu, nimejaribu kujifanya nina pini mdomoni, nimejaribu kusema "Bado kidogo" mpaka umri ukakataa neno hilo. Siku moja nilijibu kwa mkato kwamba hayamhusu, na mteja akalia, mjamzito wa watu, ikabidi nimbembeleze mimi. Mume wangu ana jibu lake. Yeye hufanya kazi stesheni, na mtu akimuuliza habari za watoto anamweleza ratiba ya treni.

Katika watu wote walionitupia maneno hayo, mmoja tu hakuwahi kuniacha na uzito kifuani, na huyo ndiye aliyekuwa na mdomo mchafu kuliko wote. Alikuwa mtani wangu.

Watu wa kwao ni wa Vidunda, juu milimani, Waanglikana wa tangu enzi za mababu. Sisi ni watu wa bondeni, Waislamu, walima mahindi na mpunga. Ukoo wao na wetu ni watani, na ukiuliza utani ulianzaje kila mzee ana habari yake; wengine wanasema vita, wengine wanasema njaa. Chanzo hakijalishi. Kinachojalisha ni kwamba mtani anaruhusiwa kukwambia neno lolote, mahali popote, hata msibani, tena msibani ndiko hasa, na wewe huruhusiwi kukasirika. Unamrudishia neno baya zaidi. Na kama siku hiyo umeumia kweli, unamwambia tu, "Mtani, leo nimeumia," naye ataacha palepale. Mlango huo upo na kila mtu anaujua.

Mtani wangu aliolewa na fundi wa matairi wa hapa Kilosa, wakapanga nyumba ya pili kutoka kwetu. Siku ya kwanza alikuja kumsalimia mama bila kupiga hodi. Akafunua sufuria jikoni, akauliza kama hapa wanapika au wanachemsha maji ya kuogea. Mama yangu alikuwa mtu wa adabu kali. Mtoto akipita bila shikamoo alimrudisha mwanzo wa njia apite upya. Siku hiyo alicheka mpaka akakaa chini. Akamjibu kwamba Vidunda hawana haja ya sufuria kwa kuwa wanakula maharage mabichi kama kwale.

Nami nikaingia kwenye utani huo kama mtu aliyeogelea tangu utotoni. Aliniambia, mbele ya watu, kwamba tumbo langu ni ghala kubwa lisilo na panya hata mmoja. Nikamwambia yeye amezaa watano wote wana pua yake, na mimi nimejizuia kwa kuwahurumia wananchi. Nikichelewa kujibu alinidharau waziwazi. "Kalale nalo," alisema, "kesho uniletee." Na kweli, kesho yake nilimfuata mpaka uani kwake nikamtupia jibu nililolipika, akalionja, akasema limekosa chumvi.

Mchana alikuwa anakuja kukaa kwenye benchi la kibanda changu, anachambua mchicha. Wateja wakianza maswali yao, alinijibia. Mama mmoja mwenye mtoto anayerarua kila kitu aliniuliza kwa upole mkubwa, "Fundi, mwenzetu bado tu?" Kabla sijameza mate, sauti ikatoka kwenye benchi: "Bado anachagua. Alikuwa tayari, akaona wa kwako, akaahirisha." Yule mama alicheka mpaka akamkamata mwanawe akamchapa kidogo. Nami nilicheka. Sijui kueleza vizuri, lakini kwake lile neno zito lilikuwa linageuka kitu cha kushikika kwa mkono. Wengine wote walinibeba kwa uangalifu kama kikapu cha mayai. Yeye alinikanyaga mguu kama mtu mzima anavyomkanyaga mtu mzima, na mimi nilipumzika.

Kisha mwaka mmoja nikashika mimba.

Sikumwambia mtu ila mume wangu. Niliogopa. Nilipanga kumwambia mama mwezi wa nne, nikaanza hata kufikiria nitavaa nini siku hiyo na nitakaa upande gani wa mkeka ili nimwone uso. Mtani sikumwambia pia, ingawa nilikuwa nimeshaandaa la kumjibu, maana nilijua atauliza baba ni nani. Mimba ilitoka ikiwa na miezi mitatu. Waliojua ni mume wangu na nesi mmoja. Nilikaa nyumbani siku nne, nikasema nina malaria, nikarudi kwenye cherehani. Wiki tatu baadaye presha ikamwangusha mama, asubuhi, akiwa anafagia.

Siku ya mazishi wanaume walikuwa wameshaondoka na jeneza kwenda makaburini, uani tumebaki wanawake. Ndipo mtani akaingia. Alikuwa amevaa kanga ya mama na anatembea kama mama, mkono mmoja kiunoni, anawarudisha watoto mwanzo wa njia wapite upya na shikamoo zao. Wanawake walilia na kucheka kwa pamoja. Hata mimi nilicheka. Ilikuwa kama mama amerudi kuchukua kitu alichosahau, na nilimpenda mtani wangu wakati ule kuliko siku zote.

Akaingia jikoni. Akatoka na mchi wa kile kinu cha mama, ule mfupi wa kutwangia karanga na kisamvu, ameufunga mgongoni kwa kanga nyingine ya mama, kichwa cha mchi kimechomoza begani. Anaupigapiga, anaunyamazisha. Akauzungusha uwanja wote akiwaonyesha watu alivyofanana na babu yake. Halafu akaja mbele yangu, akasema kwa sauti ya mama:

"Mpokee mwanao. Bibi yake ameondoka hajamwona."

Uwanja ukacheka. Ndivyo ilivyotakiwa. Mimi nilitakiwa kusema kwamba huyo si wangu, wangu hana kichwa kigumu cha Kividunda, na watu wangecheka tena, na shughuli ingeendelea. Au ningesema, mtani, leo nimeumia. Maneno matatu tu, na angeuweka mchi chini. Sikusema hayo. Nilisimama nikamwambia, taratibu, bila kupaza sauti:

"Wewe si mtani wangu. Toka kwetu."

Nikasikia maji yanachemka jikoni. Hilo ndilo neno pekee lisilosemwa. Mtani unaweza kumwita mwizi, mchawi, mla panya, lakini humwambii si mtani wako. Aliniangalia. Mkono wake ulikuwa bado unaupigapiga mchi kule nyuma, haujapata habari. Kisha ukasimama. Akageuka akatoka, na mchi mgongoni.

Kuondoka na kitu cha msibani ni haki ya mtani. Anakaa nacho mpaka wenye msiba wapeleke kuku kukikomboa, na siku hiyo mnatukanana vizuri na kula pamoja. Baada ya wiki moja baba mkubwa aliniletea kuku mkononi. Akasema kwa upole kwamba nimpeleke, nifute lile neno. Nilikataa. Nikasema yeye ndiye aje. Dada zangu waliniuliza nimepatwa na nini, neno lile mbona ni la kawaida, ameshaniambia mabaya kuliko hilo. Sikuwajibu. Kuwajibu kungekuwa kuwaambia habari ya mimba, na nilijua nyuso zao zitakavyokuwa. Nina hasira za karibu, hilo nalikiri, ila zile hazikuwa hasira tena. Ilikuwa aibu iliyovaa nguo za hasira, na kadiri siku zilivyopita ndivyo ilivyozidi kukaza vifungo.

Aliacha kuja kwenye benchi. Tukikutana sokoni alipita upande wa pili. Kabla mwaka haujaisha mumewe akaamua kuhamia Mikumi, kwenye barabara kuu, ambako malori hayaishi na matairi yanapasuka kila siku. Niliona lori linapakiwa: kitanda, mabeseni, majembe, watoto watano wenye pua yake. Nilikuwa kwenye cherehani. Nikakazana kukanyaga, macho kwenye nguo, mpaka lori likapiga honi likaondoka. Nilipoangalia nilichoshona nikakuta hakuna mshono wowote. Uzi ulikuwa umekatika zamani nami nakanyaga tu.

Miaka sita nilimkumbuka. Sitaki kuzunguka, nilimkumbuka vibaya. Niliwakumbuka mama na mtoto ambaye hakufika, lakini kwa hao wawili hakukuwa na la kufanya, na yeye alikuwa umbali wa asubuhi moja kwa basi. Nilitunga matusi ya kumpelekea. Nikiwa natandika kitanda linakuja jibu safi la swali la miaka ile, nalisema peke yangu chumbani, na hakuna wa kuniambia limekosa chumvi. Benchi lilikaliwa na wateja wenye heshima zao. Kila mwaka watu walizidi kuwa wapole kwangu, sauti zinashuka nikiingia kwenye shughuli, watoto wachanga wanapitishwa mbali na mimi kana kwamba nitalia nikiwaona. Nilikuwa naona njaa ya mtu wa kunikanyaga mguu.

Mwezi wa nane uliopita akaja mteja kutoka Mikumi na kitenge cha jora zima. Walikuwa wanashona sare za arobaini, akina mama wa jumuiya yao, na alikuwa na karatasi yenye vipimo vya kila mmoja. Nikauliza, kwa mazoea tu, arobaini ya nani. Akasema ni mume wa mama mmoja wa Vidunda anayeuza vitunguu karibu na mizani ya malori. Marehemu alikuwa fundi wa matairi.

Niliitafuta karatasi kwa macho. Jina lake lilikuwa la tatu. Mabega yalikuwa yaleyale, mapana, niliyoyashonea miaka mingi, lakini kiuno kilikuwa kimepungua inchi nne. Nikahesabu siku. Zaidi ya mwezi mumewe amelala kaburini na mimi sijaambiwa. Mtani ndiye wa kuambiwa kwanza, kabla hata ya wajomba. Hapo ndipo nilipojua kwamba siku ile alinisikia sawasawa, na amelishika neno langu kama nilivyolisema.

Nilimweleza mume wangu jioni hiyo. Alisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo hulifanya vizuri, akasema niende na safari hii nimwambie. Siku ya arobaini alfajiri alikamata tetea mwenyewe, akamfunga miguu, akaniwekea kwenye kikapu na kunisindikiza stendi. Njia nzima nilikuwa na kuku miguuni na matusi kumi na mbili kichwani. Kuhusu mchi sikuwa na tamaa. Watu wanaohama hawabebi mchi wa wenyewe, na mti mkavu hauachwi bure kwenye mji wa wakaanga chipsi.

Nilimkuta amekaa kwenye mkeka chini ya turubai, amevaa gauni nililoshona mwenyewe bila yeye kujua. Amekonda. Niliinama, na tusi la kwanza lilikuwa tayari ulimini, ila yeye akawahi.

"Karibu dada," alisema. "Pole na safari."

Akanipa mkono, laini, akauondoa. Katika miaka yote hajawahi kuniita dada. Afadhali angenimwagia maji. Matusi yote kumi na mbili yalikauka, nikajikuta nasema asante, poleni sana, nikaenda kukaa kwa wageni na kikapu changu. Mama aliyekuwa pembeni yangu akaniuliza mimi ni nani kwa marehemu. Nikamwambia nimeshona sare.

Ibada ilikuwa nzuri. Mchungaji alisali, mdogo wa marehemu akasoma historia fupi, wakaimba. Lakini ilikuwa msiba wa watu wa barabara kuu, waliokutana kutoka kila upande wa nchi, na hakukuwa na mtani hata mmoja. Waliyemsema kwenye karatasi alikuwa mtu mwadilifu, mchapakazi na mpenda watu. Huyo mimi sikumjua. Niliyemjua alikuwa na tabia ya kukipiga teke kidogo au kukibonyeza kila kitu kabla ya kukitolea hukumu, kama anavyofanya kwa tairi, tikiti, godoro, hata mkwewe aliyelazwa, na hukumu ilikuwa moja siku zote. Mjane wake alikuwa anaangalia chini, anachezea ukindu wa mkeka. Hakuna aliyemrudishia mtu wake hata kwa dakika moja, na anayepaswa kumrudishia nilikuwa mimi.

Ovaroli lake lilikuwa limetundikwa kwenye msumari mlangoni, na kofia yake juu yake, vikisubiri kugawiwa. Nikainuka. Nikalivaa ovaroli juu ya gauni, nikavaa kofia, nikashuka uwanjani na ule mwendo wake wa kutupa magoti nje. Nikabonyeza bega la mzee wa kanisa, nikaligonga kwa kidole, nikasema, "Tairi hili bado lina safari moja." Nikaenda kwenye sufuria la wali nikalipiga teke dogo. "Hili bado lina safari moja." Mtu mmoja alicheka akaziba mdomo. Wengine walinitazama kama mwendawazimu. Nilimfikia mchungaji, nikamzunguka, nikatikisa kichwa kwa masikitiko, nikasema huyu anahitaji kubadilishwa matairi yote mawili, la mbele na la nyuma.

Mdogo wa marehemu alisimama. Hakuwa amekulia Kilosa, hakunijua. Akanishika mkono, kwa heshima lakini kwa nguvu, akasema mama hapa ni msibani. Nikamwambia najua, mimi ni mtani. Akageuka kwa mjane.

"Shemeji, huyu ni mtani wako?"

Uwanja mzima ukamwangalia. Nami nilimwangalia, nimesimama katika nguo za mumewe, jasho linanitoka chini ya kofia. Hakuinua macho haraka. Alimaliza kwanza kuuchomeka ule ukindu mahali pake.

"Muulizeni yeye," alisema. "Mimi aliniambia si mtani wake."

Nikasema ndiyo, nilisema, na nilikosea, na leo nimekuja kukomboa. Nikaenda kwenye kikapu nikamtoa kuku, nikamweka mkekani mbele yake. Hakumgusa. Aliinuka akaingia jikoni, na mimi, kwa kuwa hakuna aliyenizuia, nikamfuata na ovaroli langu.

Kule jikoni nilimwambia. Nilimwambia habari ya mimba, wiki tatu kabla, na kwamba mama hakuwa amejua, na kwamba aliponiletea mchi ule alinisemea jambo la kweli tupu bila kujua. Alikaa kwenye kibao cha mbuzi akafunika mdomo.

"Ungeniambia," alisema mwishowe. "Ningenyamaza."

"Sikutaka unyamaze," nikasema, na sikujua kama ndiyo sababu mpaka nilipoisikia imetoka.

Alilia, na mimi nililia, yeye wa kwake na mimi wa kwangu, mpaka wapishi wakaja kutaka upawa.

Ningependa kusema mambo yaliisha hapo. Lakini nilipotoka nje nilianza kuogopa upya, maana alibadilika, na alibadilika kwa upande mbaya. Aliniletea sahani mwenyewe, minofu mitupu. Akaniletea mto wa kuegemea. Alimwambia binti yake mwenye kichanga asogee kivulini kule, mbali na nilipokaa, na nikaona ameniangalia kwa pembe ya jicho kuhakikisha sikuona. Nikatafuna nyama ile bila kusikia ladha. Nilikuwa nimemwambia ukweli na nimeupata msamaha wake, na sasa naye amejiunga na wale wote wanaonibeba kama mayai. Nilivua ovaroli nikalirudisha msumarini. Saa tisa nikaaga. Akasema, "Nenda salama, mwenzangu," akaingia ndani bila kunisindikiza.

Stendi ya Mikumi ina vumbi na moshi wa malori, na basi la Kilosa lilikuwa linajaza abiria bila haraka. Nilisimama pembeni na kikapu kitupu. Ndipo nilipomwona anakuja kando ya barabara, mkono mmoja kiunoni, anatembea mwendo wa mama yangu. Mgongoni alikuwa amebeba kitu kwa kanga niliyoijua, imepauka sasa, na kichwa cha mti kimechomoza begani. Watu walimpisha. Alikuwa anaupigapiga.

Alisimama mbele yangu, akafungua fundo, akaushusha. Mchi ulikuwa umelika upande mmoja kwa kutwanga. Ulihama naye kwenye lile lori na majembe, na kwa miaka sita ulikuwa ukila naye jikoni. Akaunyoosha kwangu kwa mikono miwili. Akaitoa tena ile sauti ya mama.

"Mpokee mwanao," alisema. "Nimemlisha miaka sita na mpaka leo hajui kutembea. Ndiyo damu ya kwenu hiyo."

Nilijua ilivyomgharimu kulisema tena, anajua sasa jeraha lilipo, akalikanyaga papo hapo kwa makusudi, kwa ajili yangu. Alinisubiri. Konda aliita Kilosa, Kilosa.

"Unachelewa," akasema. "Utaniletea kesho?"

"Atatembeaje," nikamwambia, "na wewe hujawahi kumweka chini?"

Alilionja. Alifuta macho kwa mgongo wa mkono, akasema safari hii chumvi ipo. Kisha akanigeuza, akauweka mchi mgongoni kwangu, akazungusha kanga ya mama na kuikaza kifuani kama anavyofungwa mzazi wa mara ya kwanza, akarekebisha kichwa kisiegemee upande. Nikapanda basi nikiwa nimeinama kidogo kwa uzito. Viti vilikuwa vimejaa. Konda akaangalia mgongo wangu, akamwinua kijana mmoja mbele, akasema mama mwenye mtoto apishwe akae. Nikashukuru, nikakaa.